Mwaka mmoja Dijon bila mvinyo wala nguruwe: nitakula nini cha asili?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga. Septemba nakwenda Dijon, Ufaransa, kusoma kwa mwaka mmoja. Kila ninaposoma habari za vyakula vya Bourgogne, eneo ambalo Dijon imo, nakutana na mvinyo na nguruwe. Sinywi pombe na sili nguruwe. Je, kuna chakula cha wenyeji ninachoweza kula, au nijiandae kujipikia wali mwaka mzima? Na ile familia itakayonipokea siku za mapumziko ikinikaribisha mezani, nisemeje bila kuwavunja moyo?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Kipo, tena kingi. Ulichokisoma kimeandikwa zaidi kwa ajili ya watalii wanaokwenda kuonja mvinyo, na watu hao huonyeshwa vyakula vinavyouza mvinyo. Ukifika utaona kwamba mizabibu iko kwenye ukanda mwembamba sana. Ule mteremko mashuhuri wa Côte d'Or unaanzia Dijon, unashuka kusini kupita Beaune, na mahali pengi upana wake haufiki hata kilomita mbili. Mashamba yote ya mizabibu ya Bourgogne ni kama hekta 30,000, karibu asilimia moja tu ya ardhi ya jimbo lile la zamani. Sehemu iliyobaki ni malisho, mahindi, ngano, misitu na mito, na huko ndiko chakula chao kinakotoka.

Kwanza niweke mpaka wa kazi yangu. Mimi ni mtu wa jikoni. Kusema hiki halali na hiki si halali ni kazi ya masheikh wako. Kazi yangu ni kukuambia ukweli wa kilichomo chunguni, ili unapouliza uulize ukiwa unajua.

Tuanze na vile vya kuviacha, maana ndivyo utakavyokutana navyo mapema kwenye kila menyu. Boeuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na karoti, vitunguu, uyoga na vipande vidogo vya nyama ya nguruwe yenye mafuta, viitwavyo lardons. Oeufs en meurette ni mayai yaliyochemshwa bila maganda na kumwagiwa mchuzi wa mvinyo mwekundu, na humo pia mna lardons. Coq au vin ni jogoo ndani ya mvinyo. Pochouse, mchuzi wa samaki wa mtoni unaotajwa sana Verdun-sur-le-Doubs, hupikwa kwa mvinyo mweupe. Jambon persillé ni paja la nguruwe ndani ya jeli yenye majani mabichi, nayo huliwa hasa wakati wa Pasaka. Konokono wa Bourgogne huletwa wakiwa na siagi, kitunguu saumu na majani ya persil, lakini mara nyingi wametangulia kuchemshwa kwenye supu yenye mvinyo mweupe.

Watu watakwambia, "Usijali, kilevi chote kimeruka motoni." Hawakudanganyi kwa makusudi, wengi wanaamini hivyo. Lakini hesabu zinazotumiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba chakula kilichochemka dakika 30 hubaki na kama asilimia 35 ya kilevi kilichotiwa, kilichochemka saa moja hubaki na asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Kwa hiyo anayetaka kuepuka kabisa aepuke chungu chenyewe, asitegemee muda wa moto.

Sasa tuje kwenye neema. Mahali pa kwanza pa kwenda ni soko la ndani la Dijon, Les Halles, jengo la chuma la karne ya 19 lililo katikati ya mji. Hufunguliwa asubuhi za Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Nenda Jumamosi, wakulima wa pembezoni wanapopanga meza zao hata nje ya jengo. Utakuta vitunguu kutoka upande wa Auxonne na mboga za bonde la mto Saône, na vuli utakuta uyoga wa msituni wa aina nyingi, pamoja na trufi ya Bourgogne, uyoga unaoota chini ya udongo, ambayo msimu wake huanza Septemba. Mwisho wa masika na mwanzo wa kiangazi chao huja cheri kutoka Yonne, upande wa Auxerre. Katika vitu hivyo hamna mvinyo wala nguruwe, na hicho ndicho wanachokula watu wa Dijon siku za kawaida.

Kuku wa Bresse anahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu nadhani hakuna ndege wa kufugwa duniani anayelindwa na sheria kali kuliko yeye. Bresse ni nchi tambarare mashariki ya mto Saône, na sehemu yake ya kaskazini, kuzunguka mji wa Louhans, ni Bourgogne hasa. Tangu mwaka 1957 jina hilo lina hadhi ya AOC, yaani hakuna ruhusa ya kuliandika kwenye kuku aliyefugwa nje ya eneo lililopimwa. Ana manyoya meupe, kishungi chekundu na miguu ya buluu, rangi tatu za bendera ya Ufaransa, na wenyeji hawachoki kukukumbusha hilo. Kila kuku sharti apate angalau mita 10 za mraba za majani ya kutembelea. Hula nafaka na mazao ya maziwa, na kingine chote hujitafutia mwenyewe, yaani wadudu, minyoo na majani. Huishi karibu miezi minne, wakati kuku wa kawaida wa viwandani huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Wiki za mwisho huwekwa kwenye tundu za mbao mahali penye utulivu, anenepe na nyama ilainike. Desemba hufanyika mashindano yaitwayo Les Glorieuses, yaliyoanza mwaka 1862, ambapo wafugaji huleta kuku wao waliokwisha kuchinjwa, wakiwa wamefungwa na kushonewa kitambaa kwa mkono.

Tatizo lako hapo litakuwa uchinjaji. Kuku mwenye lebo ya Bresse sokoni usimdhanie amechinjwa Kiislamu, uliza. Mimi ningekushauri ujifunze mapishi ya Bresse kisha uyapike kwa kuku wa bucha la halali. Dijon ina familia nyingi zenye asili ya Morocco, Algeria na Tunisia, na mabucha yao yapo. Hata nyama ya ng'ombe utaipata huko, na mara nyingi itakuwa ya Charolais, yule ng'ombe mweupe mkubwa aliyetokea malisho ya kusini mwa Bourgogne, maana ndiyo aina iliyoenea kuliko zote za ng'ombe wa nyama Ufaransa. Siku moja panda gari uende Saint-Christophe-en-Brionnais uone mnada wa ng'ombe. Mtu wa Tanga aliyezoea minada ya mifugo ataelewa kila kinachofanyika pale bila kujua Kifaransa.

Hapo Bresse kuna chakula kimoja ambacho waandishi wa utalii hawakitaji, na kwangu ndicho kinachokuhusu zaidi. Kinaitwa gaudes. Mahindi yalifika Bresse karne ya 17, na maskini wa huko wakayafanya chakula chao cha kila siku. Hukaushwa kwenye tanuri hadi yaanze kukolea rangi na kutoa harufu ya kuchomwa, ndipo husagwa. Unga huo hupikwa kwa maji au maziwa na chumvi kidogo, ukikorogwa taratibu kwa muda mrefu. Ni uji, dada yangu, uji wa mahindi kabisa, ila una ladha ya mahindi ya kuchoma. Ukiupika mzito na kuuacha upoe, hukatwa vipande na kukaangwa kwa siagi. Wabresse wamepewa jina la utani la "matumbo ya njano", na maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba ni kwa ajili ya uji huo. Wazee wengine huuonea haya, wanauita chakula cha shida. Wewe uagize kwa heshima. Utawafungulia mazungumzo ambayo hayapati mtalii yeyote, kwa sababu unaweza kuwaeleza kwenu unapikwaje.

Haradali ya Dijon unaijua jina, lakini soma kibandiko kabla ya kununua. Jina "moutarde de Dijon" ni la namna ya kutengeneza, halibani mahali. Ile iliyoandikwa hivyo inaweza kutengenezwa popote duniani, na kwa miaka mingi mbegu zake nyingi zimetoka Kanada. Ukame ulipopiga Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata rafu za maduka ya Ufaransa zikawa tupu, hata Dijon kwenyewe. "Moutarde de Bourgogne" ni kitu kingine. Tangu 2009 jina hilo linalindwa, mbegu lazima ziwe zimelimwa Bourgogne, na ndani yake hutiwa mvinyo mweupe wa Bourgogne. Kwa hiyo, ajabu ni kwamba ile ya asili zaidi ndiyo usiyoitaka, na ile ya kawaida, yenye siki, inaweza kukufaa. Tafuta maneno "vin blanc" (mvinyo mweupe) kwenye orodha ya viambato.

Na usiipike vibaya. Mbegu ya haradali ikiwa nzima haina ukali wowote. Ukali huzaliwa pale mbegu inaposagwa ikiwa na maji, kimeng'enya kilichomo kinapokutana na kemikali nyingine iliyokuwa imetengwa nacho, na moto huuvunja upesi. Ukitia haradali mwanzoni mwa mchuzi, utabaki na uchachu na rangi tu. Itie mwishoni, sufuria ikiwa imeshushwa.

Nikupe pishi moja la Dijon la kufanya wewe mwenyewe, kuku wa Gaston Gérard. Huyo alikuwa meya wa mji, ndiye aliyeanzisha maonyesho ya vyakula ya Dijon mwaka 1921. Mwaka 1930 mkewe alimpikia Curnonsky, mwandishi wa mapishi aliyeogopwa Ufaransa nzima, kuku wa mchuzi wa jibini, na mgeni akataka pishi hilo liitwe kwa jina la mwenye nyumba. Asili yake lina mvinyo mweupe. Fanya hivi. Kaanga vipande vya kuku kwa mafuta na siagi kidogo hadi vikolee rangi, nyunyiza paprika, funika uache viive kwa moto mdogo. Vitoe. Kwenye sufuria hiyohiyo mimina supu ya kuku kikombe kimoja, tia gramu 150 za jibini ya Comté iliyokwaruzwa na uikoroge iyeyuke, kisha krimu kikombe kimoja. Shusha, tia kijiko kikubwa cha haradali. Mwagia juu ya kuku, nyunyiza Comté nyingine na chenga za mkate, ingiza kwenye oveni hadi juu pawe na rangi ya dhahabu.

Pengo la mvinyo utalijaza kwa nini? Hapa ndipo watu hukosea, wakaongeza maji au sukari. Kazi ya mvinyo kwenye mchuzi wa namna hii ni uchachu unaokata mafuta ya krimu na jibini, kama ukwaju unavyofanya kwenye mchuzi wetu wa pwani. Na Bourgogne wenyewe wanayo dawa ya zamani: verjus, maji ya zabibu mbichi yaliyokamuliwa kabla hazijaiva, ambayo hayajachachushwa. Inasimuliwa kwamba Jean Naigeon wa Dijon aliyatumia badala ya siki kwenye haradali, na hilo ndilo lililoipa sifa haradali ya mji huo. Siku hizi huuzwa kwenye chupa katika maduka ya vyakula maalumu. Vijiko vitatu vinatosha pishi hilo. Ukikosa, tumia limau. Hivyo hutakuwa umeharibu chakula chao, umekirudisha kwenye kiungo ambacho mababu zao walikitumia.

Kuhusu jibini nitasema machache, ingawa ningeweza kujaza gazeti. Époisses ndiyo mfalme wao, ina ganda la rangi ya machungwa na harufu inayojaza chumba. Ilikuwa imekaribia kupotea, hadi wanandoa Robert na Simone Berthaut walipoifufua kijijini Époisses mwaka 1956. Lakini ganda lake huoshwa kwa marc, pombe kali inayotolewa kwenye makapi ya zabibu, na huwezi kuitenga pombe hiyo na jibini. Dada yake, Soumaintrain, huoshwa kwa maji ya chumvi, na utamu wake unafuata njia hiyohiyo. Ziko Chaource, laini na yenye chumvi ya kiasi, Brillat-Savarin yenye krimu nyingi kama siagi, na vijibini vidogo vya mbuzi vya Mâcon na Charolles. Abasia (nyumba ya watawa) ya Cîteaux, kusini ya Dijon, iliyoanzishwa mwaka 1098, nayo hutoa jibini yake. Jambo moja la kuuliza: karibu zote, hata Comté ya jirani, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa tumboni mwa ndama. Masheikh wametofautiana juu yake, kwa hiyo jua msimamo unaoufuata kabla hujaondoka Tanga, usije ukabaki na mashaka mbele ya meza ya muuzaji.

Vitamu ndivyo vitakavyokupumzisha. Pain d'épices ya Dijon ni keki ngumu kidogo ya unga wa ngano, asali na viungo, harufu yake kubwa ikiwa ya mbegu za anisi. Nyumba ya Mulot et Petitjean imekuwa ikiitengeneza tangu 1796. Mtu aliyekulia kwenye harufu ya mdalasini, tangawizi na karafuu hahitaji kufundishwa kuipenda. Nunua pia nonnettes, vikeki vya duara vya donge hilohilo vyenye jemu ndani. Kuna peremende za Flavigny, kila moja mbegu moja ya anisi iliyovikwa sukari tabaka juu ya tabaka kwa siku 15, na hutiwa harufu ya waridi, machungwa au yasmini. Zinatengenezwa ndani ya abasia ya zamani, na kopo lake la bati ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani.

Cassis ni tunda dogo jeusi lenye uchachu mkali, fahari ya vilima vya nyuma ya Dijon. Ukialikwa kwenye hafla ya chuo utaletewa kir, mvinyo mweupe wenye pombe tamu ya cassis, ulioitwa kwa jina la padri Félix Kir aliyekuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 hadi alipofariki 1968. Kataa kwa upole, uombe "sirop de cassis" na maji baridi. Hiyo ni sharubati ya tunda lilelile, haina kilevi. Jihadhari tu na neno "crème de cassis", maana licha ya jina lake si krimu, ni pombe.

Sasa hiyo familia. Usisubiri hadi uketi mezani. Mwenyeji wa Bourgogne huanza kufikiria chakula cha Jumapili tangu katikati ya wiki, na kinachomuumiza si mipaka yako, ni kuijua wakati chungu kimeshaiva. Waandikie siku kadhaa kabla: "Je ne mange pas de porc et je ne prends pas d'alcool, même dans la cuisine," yaani sili nguruwe na situmii pombe, hata kwenye mapishi. Maneno ya mwisho, "hata kwenye mapishi", usiyaache, kwa sababu kwao anayekataa bilauri ya mvinyo hawadhani kwamba anakataa na mchuzi. Kama unakula nyama ya halali tu, liandike na hilo, au ujitolee kuleta kuku kutoka bucha lako. Watakubali kwa furaha kuliko unavyodhani.

Wakikuuliza basi wakupikie nini, usiseme "chochote". Omba gougères kwa kuanzia: ni maandazi madogo mepesi ya siagi, unga, mayai na jibini, yaliyochomwa kwenye oveni yakavimba na kubaki matupu ndani. Kila nyumba ya Bourgogne inayajua, na hayana mvinyo wala nguruwe. Omba samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa siagi, au yai na uyoga wa msimu kwa krimu. Mwisho omba flamusse, mayai na maziwa yaliyookwa na vipande vya tufaha. Ukiona bibi wa nyumba ameinuka kutafuta daftari lake la mapishi, nenda naye jikoni, ukamshikie ungo wa unga, na umuulize kama anakumbuka kupika gaudes.